Charles Dow: Jamaa aliyeorodhesha vigogo wa biashara, kisha akaanza kuwafuta

Kama uko kwenye kundi lolote la WhatsApp linalozungumzia pesa, lazima umekutana na swali hili: ni kampuni gani itakayokuwa kubwa kuliko zote duniani miaka mitano au kumi ijayo? Mmoja anasema Nvidia haishikiki. Mwingine anaapa kwa Microsoft. Kuna yule ambaye hajamaliza kulipia simu aliyochukua kwa mkopo lakini ana hakika kabisa kuhusu mwaka 2035. Halafu kuna yule wa kuchunga, anayejua jina la kampuni inayofuata ila atakutajia tu ukimtumia elfu mbili kwanza.

Kabla hujabonyeza namba ya siri, nipe dakika chache nikusimulie kuhusu Charles Dow. Jina umelisikia. Habari za biashara zikisomwa usiku husemwa ati Dow imepanda, Dow imeshuka, ungedhani Dow ni aina ya lifti. Kumbe Dow alikuwa mtu. Aliishi miaka 51 tu, hakukanyaga chuo kikuu, na ndiye aliyeketi na penseli akaandika orodha ya kampuni 12 za kuwakilisha nguvu ya viwanda vya Marekani. Orodha hiyo tunayo mpaka leo. Tunajua pia yaliyozipata hizo kampuni moja baada ya nyingine, na hapo ndipo hadithi inanoga.

Charles Henry Dow alizaliwa tarehe 6 Novemba 1851 huko Sterling, kijiji cha wakulima katika jimbo la Connecticut. Babake alifariki Charles akiwa mtoto wa miaka kama sita hivi. Ukilelewa na mama kwenye shamba lisilo na mwanamume wa kushika plau, unajua kazi kabla hujajua kusoma. Shule haikumchukua mbali. Alifanya vibarua vya hapa na pale, na alipofika miaka 21 akaingia gazetini, katika Springfield Daily Republican, jimbo la Massachusetts, chini ya mhariri Samuel Bowles. Bowles alikuwa mkali. Alitaka sentensi fupi zenye habari ndani yake. Ukiniuliza mimi, hicho ndicho chuo alichosomea Dow.

Baada ya miaka mitatu akahamia Providence, mji wa Rhode Island, akazunguka kwenye magazeti mawili madogo kabla ya kuingia Providence Journal mwaka 1877. Hapo akaonyesha tabia ambayo haikumwacha tena: alipenda kuandika historia ya biashara. Mwaka huo aliandika juu ya meli za mvuke zilizokuwa zikisafiri kati ya New York na Providence. Unaweza kuona ni mada kavu. Lakini fikiria kijana wa miaka 25 anayekaa miezi na rekodi za kampuni za meli, akiona zilivyozaliwa, zilivyopimana nguvu na zilivyomezana. Wenzake walikuwa wanakimbizana na moto na mauaji ya jana. Yeye alikuwa anajifunza jinsi kampuni zinavyozeeka.

Mwaka 1879 akapata safari iliyombadilisha. Leadville, juu kwenye milima ya Colorado, zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, fedha ilikuwa imepatikana. Hapa nasema fedha ile ya kuchimbwa, ya bangili na sarafu. Mabenki na matajiri kutoka mashariki ya Marekani wakapanga msafara waende wajionee migodi kabla ya kumwaga pesa zao, na Journal likamtuma Dow aandamane nao. Siku kadhaa ndani ya treni na watu waliokuwa na mamilioni! Dow hakuwa msemaji. Alikuwa mrefu, mwenye ndevu nyeusi na mdomo mzito, mtu ambaye ungemdhania mwalimu wa hesabu. Kwa hivyo akasikiliza.

Alichogundua ni kwamba hao wakubwa nao walikuwa gizani. Mgodi huu una fedha kiasi gani? Kuchimba tani moja kunagharimu pesa ngapi? Nani ameuza hisa zake kimyakimya wiki iliyopita? Kila mtu Leadville alikuwa na fununu, wachache sana walikuwa na nambari. Dow akawa anatuma barua gazetini akieleza mji, migodi, gharama, na jinsi watu walivyokuwa wakihangaika. Leadville wakati huo ulikuwa mji wa kutamaniwa, kila mtu aliona mustakabali upo pale. Mwaka 1893 serikali ya Marekani ikaacha kununua fedha kwa wingi, bei ikaporomoka, na mji ukaporomoka nayo.

Baada ya safari hiyo Providence ikawa ndogo kwake. Akaenda New York akapata kazi katika shirika la habari za fedha la Kiernan, pale mtaa wa Wall Street. Kazi yenyewe ilikuwa ya miguu na masikio: ripota anazunguka kwenye ofisi za madalali na mabenki, anarudi na habari, zinaandikwa kwa mkono, kisha vijana matarishi wanakimbia kuzipeleka kwa wateja wanaolipa. Ni kama kupata taarifa kwenye simu, ila taarifa ina viatu na inahema.

Shirika lilipohitaji ripota mwingine, Dow alimleta rafiki yake wa Providence, Edward Jones. Jones alikuwa ameanza masomo katika Chuo Kikuu cha Brown akakatiza njiani. (Sisi tulioacha chuo tunampenda sana Jones. Usikimbie kumwonyesha mamako aya hii, lakini.) Walikuwa watu tofauti kabisa. Dow mpole, Jones mwenye kelele na damu moto. Ila Jones alikuwa na kipaji cha kuangalia hesabu za kampuni na kuona mara moja palipofichwa shimo. Wa tatu alikuwa Charles Bergstresser, na huyu alikuwa amemaliza chuo. Ndiye aliyekuwa na akiba, na ndiye aliyebuni kalamu maalum ya kuandikia karatasi nyingi kwa mpigo mmoja. Novemba 1882 watatu hao wakajitoa wakaanzisha kampuni yao, Dow, Jones & Company. Jina la Bergstresser likaachwa nje kwa sababu lilikuwa refu. Maskini! Pesa zake zikaingia, jina lake likabaki mlangoni.

Ofisi yao ya kwanza ilikuwa nambari 15 Wall Street, chumba cha chini ya ardhi nyuma ya duka la kuuza soda. Ndipo ilipoanza biashara ambayo leo inatajwa kila siku dunia nzima.

Ili uelewe kwa nini watu walikuwa tayari kuwalipa, lazima ujue soko la hisa lilivyokuwa enzi hiyo. Hakukuwa na sheria ya kuilazimisha kampuni ionyeshe hesabu zake kwa umma. Mkurugenzi angeweza kununua hisa asubuhi, atoe habari njema mchana, auze jioni, na asiulizwe na mtu. Kulikuwa na waandishi waliopewa hisa wasifie kampuni fulani, na wengine waliolipwa waiponde. Mwenye pesa kidogo, kinyozi au karani, alikuwa ananunua mbuzi kwenye gunia kila siku. Dow na Jones walijijengea jina kwa kutonunulika, na kwa kuchapisha nambari bila kumwogopa mtu.

Hapa kuna kipande cha maisha yake ambacho waandishi wengi wanakipita haraka, nami sitaki kukuficha. Kati ya 1885 na 1891 Dow mwenyewe alikuwa mwanachama wa Soko la Hisa la New York. Mshirika wake katika kampuni ya udalali, Robert Goodbody, alikuwa ametoka Ireland na hakuwa bado raia wa Marekani, kwa hivyo kiti cha sokoni kikashikwa na Dow. Mwandishi wa habari za hisa akawa pia na kiti ndani ya soko! Leo tungepiga kelele, na tungekuwa na haki ya kupiga. Sijaona ushahidi kwamba alikitumia vibaya. Lakini kiti kilikuwepo, na miaka sita si siku sita.

Mwaka 1883 wakaanza kutoa jarida la kurasa mbili kila alasiri kwa wateja wao. Tatizo likajitokeza. Mteja anaona bei za hisa nyingi, hii imepanda, ile imeshuka, nyingine imelala. Swali lake ni rahisi: soko lenyewe, kwa jumla, linaenda wapi leo? Hakuna aliyeweza kumjibu kwa nambari moja. Tarehe 3 Julai 1884 Dow akajibu. Alichukua bei za kampuni 11, akazijumlisha, akagawanya kwa 11. Hesabu ya darasa la tano. Ila hakuna aliyekuwa ameifanya kwa namna hiyo na kuichapisha watu waifuate.

Ziangalie hizo 11. Tisa zilikuwa za reli. Mbili zilizobaki zilikuwa kampuni ya meli ya Pacific Mail na kampuni ya simu za maandishi ya Western Union. Miaka hiyo ukitaja kampuni kubwa, unataja reli. Reli ndizo zilizokuwa na hisa nyingi na wafanyakazi wengi, na wanasiasa mfukoni. Kama ungemuuliza mtu wa 1884 ni kampuni zipi zitakuwa kubwa zaidi miaka kumi ijayo, angekutajia reli, na angekuona mjinga kwa kuuliza. Union Pacific ilikuwa kwenye orodha. Northern Pacific pia. Mwaka 1893 msukosuko wa fedha ulipopiga Marekani, zote mbili zilishindwa kulipa madeni zikawekwa chini ya wasimamizi wa mahakama.

Kampuni ya Dow ilipona msukosuko huo. Jarida la alasiri lilikuwa limeshageuka gazeti kamili tarehe 8 Julai 1889, The Wall Street Journal, kurasa nne, bei senti 2 za Marekani. Dow ndiye aliyekuwa mhariri, Jones akisukuma habari za kila siku, Bergstresser akizunguka kwa mabenki kutafuta za ndani.

Na huku kote Dow alikuwa anaona kitu ambacho wengi walikidharau. Hisa za viwanda wakati huo zilichukuliwa kama kamari. Mtu wa heshima alinunua dhamana za reli. Viwanda vya sukari, mpira na umeme vilikuwa vya wacheza pata-potea. Lakini viwanda vilikuwa vinaungana na kukua kwa kasi ya kutisha, na Dow akaona kwamba nguvu ya nchi inahama kutoka kwenye reli kwenda kwenye vitu vinavyobebwa na reli. Tarehe 26 Mei 1896 akachapisha wastani mpya wa kampuni 12, safari hii bila reli hata moja. Nambari ya siku ya kwanza ilikuwa 40.94. (Mwaka huohuo huku kwetu reli ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kutandazwa kutoka Mombasa. Dunia haiendi kwa saa moja.)

Huo ndio utabiri wake mkubwa, na alipata. Viwanda vilizipita reli. Lakini kuipata aina ya biashara ni jambo moja, kuipata kampuni yenyewe ni jambo lingine kabisa. Hebu tupitie hizo 12.

American Sugar ilikuwa inasafisha karibu sukari yote ya Marekani. American Tobacco ilikuwa na sigara nchi nzima mkononi hadi Mahakama ya Juu ilipoamuru ikatwe vipande mwaka 1911. American Cotton Oil ilikamua mafuta ya mbegu za pamba. Ikabadilishwa jina, ikauzwa, ikaunganishwa, na baada ya miaka zaidi ya mia mabaki yake yakaishia ndani ya Unilever, hawa hawa wa sabuni unazozijua. Chicago Gas ikamezwa na kampuni nyingine ya gesi ya mjini humo. Laclede Gas ya St. Louis ipo hadi leo kwa jina jingine, inauza gesi kwa utulivu, na hakuna anayeitaja kwenye makundi yenu.

Distilling & Cattle Feeding ni jina linalochekesha mpaka uelewe kazi yake: ilitengeneza wiski, na machicha yaliyobaki ikalisha ng'ombe. National Lead ilitengeneza rangi ya kupaka nyumba yenye madini ya risasi, kitu ambacho leo tunajua kinaharibu ubongo wa mtoto. North American ilimiliki kampuni za umeme na usafiri, ikaja kuvunjwa miaka ya 1940. Tennessee Coal & Iron ilikuwa na migodi Alabama ambako wafungwa, wengi wao weusi, walikodishwa na serikali kuchimba makaa ya mawe. Ikanunuliwa mwaka 1907. Nayo ilikuwa kwenye orodha ya heshima, ikihesabiwa sawa na nyingine. Bei ya hisa haikuulizwa nani yuko chini ya ardhi.

Zimebaki tatu, na hizi ndizo ningependa uzitazame polepole. United States Leather ilikuwa jitu. Ngozi ndiyo iliyotengeneza hatamu na matandiko ya farasi, viatu, na mikanda ya kuzungusha mashine viwandani. Nani angekuambia ngozi itaisha kazi? United States Rubber, kwa upande wake, ilijulikana kwa mabuti ya mpira. Basi tarehe 4 Juni 1896, siku tisa baada ya Dow kuchapisha orodha yake, fundi mmoja wa Detroit aitwaye Henry Ford alitoa kwenye kibanda chake gari lake la kwanza na kuliendesha barabarani usiku. Hakuna mteja wa Wall Street aliyejua. Farasi akaanza kuondoka mjini na ngozi ikaanza kuondoka naye. Kampuni ya ngozi ilifungwa kabisa mwaka 1952. Ile ya mabuti ikajikuta inauza matairi, ikapata maisha marefu, na mwaka 1990 ikanunuliwa na Michelin ya Ufaransa. Waliokuwa na hisa za mpira hawakuwa werevu kuliko waliokuwa na za ngozi. Walikuwa wamenunua mabuti.

Ya tatu ni General Electric, nitairudia.

Na usidhani waliofuata ile nambari ya 40.94 walianza kula raha papo hapo. Julai mwaka huo chama cha Democratic kikamteua William Jennings Bryan kugombea urais, mtu aliyetaka sarafu za fedha zitumike sambamba na dhahabu, na wenye pesa wakaingiwa na baridi. Kufikia Agosti nambari ilikuwa 28.48. Asilimia 30 imeyeyuka ndani ya miezi mitatu, na hizi ni kampuni 12 zilizochaguliwa na mtu aliyejua soko kuliko karibu kila mtu.

Dow alifanya nini? Aliendelea kuhesabu, na aliendelea kufuta. Hili ndilo ninalotaka ubaki nalo kumhusu. Hakuitetea orodha yake. Kampuni ikiacha kuwakilisha kilichokuwa kikitokea, iliondolewa ikawekwa nyingine. Hata General Electric haikuogopwa: ilitolewa mwaka 1898, ikarudishwa 1899, ikatolewa tena 1901. Yaani kampuni iliyokuja kuwa fahari ya orodha ilitupwa nje mara mbili ndani ya miaka mitano ya kwanza.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo wanaokuuzia utabiri hawalitofautishi, kwa hivyo tulitofautishe sasa. Dow alikuwa anajumlisha bei ya hisa moja ya kila kampuni. Hakuwa anapima ukubwa. Ukubwa wanaouzungumzia leo, thamani ya soko, ni bei ya hisa moja mara idadi ya hisa zote. Chukua Safaricom, yenye hisa takriban bilioni 40. Hisa ikiwa Sh10, kampuni ina thamani ya Sh400 bilioni. Ikiwa Sh40, ni Sh1.6 trilioni. Mwaka 2021 bei ilipita Sh40, na mwaka 2023 ilikuwa chini ya Sh15. Milingoti ni ileile na M-Pesa ni ileile. Kilichobadilika zaidi ni kile ambacho wanunuzi walikuwa tayari kulipa kwa matumaini yao. Kwa hivyo anayekutabiria nani atakuwa nambari moja anatabiri mambo mawili kwa pamoja: kampuni itapata faida gani, na watu watakuwa na hamu gani nayo siku hiyo. La kwanza ni gumu. La pili ni kama kutabiri wimbo utakaopigwa kwenye matatu za Rongai miaka kumi ijayo.

Hata ile kampuni kubwa kuliko zote za Marekani ya 1896, Standard Oil ya Rockefeller, haikuwa kwenye orodha ya Dow. Hisa zake hazikuwa zikiuzwa katika Soko la Hisa la New York.

Jones aliondoka mwaka 1899. Mwaka huo Dow akaanza kuandika tahariri za mara kwa mara katika gazeti lake, na hizo ndizo zilizomfanya aheshimiwe na watu ambao hawakuwahi kumwona. Aliwaeleza wasomaji kwamba soko lina miendo mitatu kwa wakati mmoja, akaifananisha na bahari. Kama umekaa ufuoni Mombasa au Kilifi utaelewa haraka kuliko mtu wa New York. Kuna vijiwimbi vya kila siku, kuna mawimbi ya wiki na miezi, na chini ya yote kuna maji yenyewe, yanayojaa au kupwa kwa miaka. Ukitaka kujua kama maji yanajaa, chomeka kijiti mchangani pale wimbi lilipofika, ungoje uone kama la pili litakipita. Huwezi kujua kwa kuangalia wimbi moja, na huwezi kujua mapema. Aliwaambia pia, tena mara nyingi, kwamba mwishowe bei hufuata kile ambacho kampuni inaweza kumrudishia mwenye hisa. Ni mwishowe, hakusema lini.

Wakati akiandika hayo, mwaka 1901, J. P. Morgan aliunganisha viwanda vya chuma vikawa United States Steel, kampuni ya kwanza duniani yenye mtaji wa zaidi ya dola bilioni moja. Ilikuwa dola bilioni 1.4. Watu walishika vichwa. Ilionekana kwamba mashindano ya ukubwa yamekwisha. Ikaingia kwenye orodha mwaka huohuo, na ikaondolewa mwaka 1991.

Afya ya Dow ilikuwa imeanza kudhoofika. Mwaka 1902 yeye na Bergstresser walikubali kumuuzia kampuni Clarence Barron, mwanahabari wa Boston. Dow alifariki nyumbani kwake Brooklyn tarehe 4 Desemba 1902, akamwacha mkewe Lucy, waliyekuwa wameoana mwaka 1881. Hawakuwa na watoto wao wenyewe, ingawa Lucy alikuja na binti wa ndoa yake ya awali. Alizikwa Providence. Hakuwahi kuandika kitabu juu ya soko, na zile tahariri hakuziita nadharia. Aliyezikusanya kitabuni na kuziita nadharia ya Dow ni mtu mwingine, S. A. Nelson. Miezi sita baada ya mazishi, Henry Ford akaanzisha Ford Motor Company.

Orodha iliendelea bila yeye. Tangu 1928 ina kampuni 30, na wanaoisimamia ni watu wenye data zote, kompyuta zote na digrii zote. Mwaka 1939 waliitoa IBM, wakaingiza kampuni ya simu ya AT&T. IBM ikakaa nje miaka 40, na ni ndani ya miaka hiyo hiyo ilipogeuka mfalme wa kompyuta duniani. Novemba 1999 wakaingiza Intel na Microsoft, miezi michache tu kabla hisa za teknolojia hazijaanguka. Mwaka 1989 kampuni kubwa zaidi duniani kwa thamani ya soko ilikuwa NTT, kampuni ya simu ya Japani. Ni lini mara ya mwisho umesikia mtu akibishana kuhusu NTT?

General Electric nayo ilirudishwa mwaka 1907, na safari hii ikakaa. Mwaka 2000 ilikuwa ikishindania nafasi ya kwanza duniani, thamani yake ikipita dola bilioni 500. Juni 2018 ikaondolewa, na pale ilipokuwa akaingia muuza dawa, Walgreens. Walgreens mwenyewe hakumaliza miaka sita, akampisha Amazon. Novemba 2024 Intel ikatolewa, na aliyepewa kiti chake ni Nvidia.

Tangu General Electric itoke, aliyekaa muda mrefu zaidi kwenye orodha ni Procter & Gamble, watengenezaji wa Pampers na Always, walioingia mwaka 1932. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1837. Ilikuwa inauza sabuni miaka 14 kabla Dow hajazaliwa, ilikuwa inauza sabuni alipokuwa akikimbia na habari Wall Street, na ilikuwa inauza sabuni siku ile ya Mei 1896 alipochagua zake 12 akaiacha nje.